Kasha la Kuzungushia Saa la Marehemu Mazengo

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo Kidogo cha Polisi, Mtaa wa Mizambarau, Dodoma
Tarehe: 27/08/2025, kuanzia saa 4:35 asubuhi

Jina: Hashimu Yahaya Masudi
Umri: Miaka 61
Kabila: Mrangi
Dini: Mwislamu
Kazi: Fundi saa
Makazi: Majengo, Dodoma Mjini

Nimeelezwa na Koplo Anyesi kwamba natakiwa kusema kweli tupu, na kwamba nikisema uongo naweza kushtakiwa. Nimekubali. Sikuitwa kituoni, nimekuja mwenyewe.

Mimi ndiye mtajwa hapo juu. Ninaishi Majengo, chumba kimoja, peke yangu. Mke wangu alirudi Kondoa miaka mitano iliyopita kumuuguza mama yake, na mama yake bado anaumwa. Kibanda changu cha kazi kiko nyuma ya maduka ya nafaka, hakina kibao tangu upepo ulipong'oa kile cha zamani. Nimetengeneza saa kwa miaka thelathini na nane. Siku hizi nabadilisha betri na kufupisha mikanda, na zipo siku hafiki mtu.

Ninakumbuka mnamo tarehe 04/08/2025, siku ya Jumatatu, majira ya saa 10:00 jioni, nikiwa kazini, alifika mzee mmoja kwa bajaji akiwa amekumbatia boksi kwa mkono wa kulia. Mkono wa kushoto ulikuwa unaning'inia tu. Nilimwamkia, akaitikia, akajitambulisha kuwa ni Joel Mazengo, mstaafu wa serikalini, mkazi wa Area D. Ndani ya boksi mlikuwa na kasha jeusi la kuzungushia saa, na mfukoni alikuwa na saa ya mkononi.

Afisa ameniomba nieleze kasha hilo ni kitu gani. Zipo saa zisizotumia betri wala kutiwa ufunguo kila siku. Zinajijaza zenyewe kwa mwendo wa mkono wa aliyezivaa. Ukiivua na kuiweka kama siku mbili, inasimama. Sasa kasha lina kimto cha kuivisha saa, na mota ndogo inakizungusha kimto hicho polepole, kinapumzika, kinazunguka tena. Hivyo saa haisimami hata kama haina mtu.

Mzee aliniambia, "Saa hii alininunulia marehemu mke wangu. Mkono wenyewe ulipigwa na kiharusi mwaka juzi, hauchezi. Naivaa, inasimama mkononi. Mwanangu Erick yuko Dar es Salaam, ndiye aliyenitumia hiki kidude. Ni cha bei rahisi. Nataka uniambie ukweli, ni kitu cha maana au kitaniharibia saa?"

Nilimwambia aniachie saa na kasha kwa siku tatu. Akakubali, akarudi nyumbani na boksi tupu.

Nililipima kasha kama ifuatavyo. Niliweka alama ya chaki kwenye kimto nikahesabu mizunguko ya saa nzima, nikapata ishirini na saba, ambayo kwa siku inafika kama mia sita na hamsini. Hiyo inatosha saa ya aina ile na haizidi. Niliangalia kama kinazunguka pande zote mbili, kinazunguka. Niliweka dira karibu na mota kuona kama sumaku yake inavuta, maana sumaku ndiyo inayoua saa, na mshale haukutikisika. Nilishika waya wa umeme baada ya kutwa nzima, haukuwa na moto. Kimto kilikuwa kikubwa kuliko mkanda wa mzee, nikakipunguza sponji kwa mkasi. Mfuniko ulikuwa unalegea kidogo, basi. Saa yenyewe niliilinganisha na simu asubuhi na jioni, haikupishana hata nusu dakika.

Mpaka Alhamisi tarehe 07/08/2025 nilikuwa nimemaliza kazi. Kasha lilikuwa zima.

Katika siku hizo tatu mzee alikuwa anakuja kila jioni kuangalia. Alikaa kwenye stuli ya wateja, nikammiminia chai ya tangawizi. Alikuwa mtu wa masijala, miaka yote amelinda mafaili, na bado alikuwa anakumbuka namba zake. Macho yangu jioni huwa yamechoka kwa sababu ya lenzi, kwa hiyo alinisomea gazeti. Alisoma kila kitu, hata matangazo ya zabuni. Mimi nilimsimulia habari za Kondoa. Ilikuwa muda mrefu sijasimulia kitu.

Alhamisi hiyo aliniuliza, "Vipi fundi, kinafaa?"

Nilitaka kusema kinafaa. Nikaona akishachukua kasha lake hatakuwa na sababu ya kurudi. Nikamjibu, "Bado, mzee. Mota za bei rahisi zinadanganya mwanzoni. Zinataka wiki nyingine."

Akasema, "Basi tusiharakishe."

Wiki iliyofuata aliuliza tena. Nikamwambia kuna kelele nisiyoielewa. Hapakuwa na kelele yoyote. Nililisogeza kasha sikioni kwake, akasikiliza muda mrefu amefumba macho, kisha akasema, "Naisikia. Kwa mbali." Tukakubaliana liendelee kukaa kwangu.

Afisa ameniuliza kwa nini sikumwambia tu mzee aje tukae. Nimejibu kwamba sikujua namna ya kumwambia mtu mzima hivyo. Yeye ana nyumba ya vyumba vinne Area D, mimi nina kibanda. Ningemwambia aje kufanya nini?

Mara ya mwisho kumwona ilikuwa Ijumaa tarehe 22/08/2025. Wakati anapanda bajaji, majira ya saa 12:00 jioni, aliniuliza, "Hivi Jumapili huwa unafungua?" Huwa sifungui. Nikamjibu, "Nitafungua."

Jumamosi hakuja. Jumapili nilifungua saa 3:00 asubuhi. Soko lilikuwa limepoa. Nilichemsha chai, nikakaa mpaka adhana ya magharibi, nikafunga. Jumatatu tarehe 25/08/2025 nilipiga simu yake mara mbili, ikaita bila kupokelewa. Nikajua ameshagundua kwamba namdanganya na amekasirika. Aibu ilinizuia kupiga mara ya tatu.

Jana Jumanne, majira ya saa 11:00 jioni, alifika karani mmoja aitwaye Bupe, anayeishi Area D, kuweka betri. Nilimuuliza kama anamfahamu mzee Mazengo. Akasema, "Fundi, mzee Mazengo tumemzika jana kwao Mvumi. Alifariki usingizini usiku wa Ijumaa." Kisha akasema kwamba mwanawe Erick alipokuja hakuikuta saa wala kasha, alikuta boksi tupu, akamshtaki mama aliyekuwa anampikia mzee kuwa ameiba. Akasema mama huyo yuko nje kwa dhamana na anatakiwa kuripoti kituoni kila asubuhi.

Nilimwambia Bupe saa hiyo ninayo mimi. Nilifunga nikaenda nyumbani.

Leo nimefika hapa saa 3:20 asubuhi nikiwa na kasha na saa kwenye mfuko. Niliambiwa nisubiri kwenye benchi la nje. Kulikuwa na mwanamke wa makamo amejifunga khanga nyeusi. Aliniamkia, nikaitikia. Nilimuuliza kama naye anasubiri kuitwa. Akasema, "Mimi nakuja kuweka sahihi tu, baba. Nasingiziwa saa." Nikajua ndiye. Jina lake ni Edina Chilongani, na amempikia mzee miaka sita.

Nilimwambia mimi ndiye fundi. Nikatoa kasha, nikamwonyesha.

Aliliangalia bila kuligusa. Akasema, "Niliwaambia. Niliwaambia kuna fundi huko Majengo. Wakaniuliza jina, sikulijua. Wakaniuliza ni wapi, sikujua. Erick akasema natunga."

Nilimweleza yote, kwamba kasha lilikuwa zima tangu tarehe saba, na kwamba ningesema kweli saa ingekuwa imerudi nyumbani na yeye asingeguswa. Akasema, "Kila jioni nilikuwa namuuliza, fundi amesemaje leo? Ananijibu, amesema bado. Halafu anacheka peke yake mpaka anakaa chini. Nyumba ile kabla ya hapo hakuna aliyekuwa anacheka."

Sijui mzee alikuwa anacheka nini. Siwezi kumsemea.

Nilimwomba msamaha. Akasema, "Siku ya maziko Erick alinizuia kupanda gari la familia. Mimi ndiye niliyemkuta asubuhi ile, mimi ndiye niliyemfumba macho. Sikumzika, baba." Nilimwambia Jumamosi nataka kwenda Mvumi, kama atapenda tuongozane anionyeshe njia, maana mimi sipajui. Hajanijibu. Hapo ndipo nilipoitwa ndani.

Naomba iandikwe kwamba mama huyu hakuchukua kitu. Aliyekaa na saa ni mimi, na hakuna aliyenituma.

Niliyoyaona na kuyatenda ni hayo. Nimesomewa kwa sauti, sina la kupunguza wala kuongeza.

Sahihi ya shahidi: H. Y. Masudi
Muda wa kumaliza: saa 5:50 asubuhi

UTHIBITISHO WA AFISA

Mimi Koplo Anyesi nimeandika maelezo haya kama yalivyotolewa na shahidi kwa hiari yake. Nimepokea kwake kasha moja jeusi na saa moja ya mkononi. Ndugu Erick Mazengo ameitwa, amevitambua vyote viwili, na ameondoa malalamiko yake kwa maandishi. Edina Chilongani amefutiwa tuhuma na kuachiwa huru saa 7:10 mchana. Shahidi alikuwa bado nje kwenye benchi. Mama huyo amemwambia mbele yangu kwamba Jumamosi atakwenda Mvumi, amsubiri stendi saa 2:00 asubuhi, ila ndani ya basi kila mtu akae kiti chake.