Sufuria Nyuma ya Kioo

Jael!! Nimerudi Riyadh. Wacha nikwambie ya Poland kabla madam aniite.

Baba, mume wa madam, alitupeleka ile kambi Wanazi waliua Wayahudi. Siku hizi ni museum. Nikaona sufuria zimejaa nyuma ya kioo. Sufuria, Jael! Nikacheka, nikamwambia binti ya madam, "Hawa nao walibeba sufuria kama sisi tunaokuja kazi kwenu!"

Mama mzungu anayetembeza wageni akasikia nikicheka, akasema, "Waliambiwa wanahamishwa. Walidhani watapika."

Walidhani watapika!

Sikulia. Hadi saa hii sifeel kitu.

Sasa Valary, sister yangu, anatua Jeddah Jumapili, anakuja kazi ya nyumba kama mimi. Ameniuliza, "Nibebe sufuria ya ugali?"



Jael, toka huko mtaani kwenu Karantina mapema uende airport ya Jeddah. Hata kafili, yule bosi aliyemwandikisha, akiwa hapo, wacha akuone, ajue Valary ana mtu wake huku. Mwite Valary kwa jina.