Mama Dorkas, Uliyetaka Ugonjwa Wako Utajwe

Mama, mwaka umetimia tangu Novemba ile ya 1974 tulipokupandisha Mbaga kutoka Same, mvua za vuli zikinyesha, tukakulaza kando ya baba.

Makande hayana tena ladha yako. Binti yako Elirehema anayapika ulivyomfundisha, sisi tunamsifu, naye anajua tunamdanganya.

Hukuwa mtu wa kunyamaza. Msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kijiji, ukiitwa kusafisha ndiva, bwawa letu la maji, ulitangulia na jembe begani, na wavivu walikukoma. Jirani ulimpeleka barazani kwa sababu ya kuku aliyeparua maharage yako, ukashinda, kisha ukampelekea maharage.

Basi ilikuwaje, mama, mwili wako ukauonea haya? Hedhi ilikwisha kukoma miaka mingi, damu ikarudi. Mkichambua mboga ulimnong'oneza wifi yako, shangazi Koleta, naye akacheka: "Ujana umekurudia, wifi! Kaka angekuwa hai angetoa mahari upya." Mkacheka wote, ukarudi shamba la kijiji. Ulipokubali kwenda hospitali, daktari alisema ni kansa ya mlango wa kizazi, na kwamba ungewahi wangeweza kukutibu.

Ulilia sana. Kisha ukaomba tukupeleke kwenye mkutano wa umoja wa wanawake, UWT, ukasema ukiwa umekaa, maana kusimama kulikushinda: "Jamani, damu ikikoma kisha ikarudi, huo si ujana. Msingoje kama mimi. Nendeni mkapimwe, hata daktari akiwa rika la mwanao." Wengi waliinamisha vichwa kwa aibu. Sisi wanao pia tuliona aibu.

Baba mdogo Filipo alitaka tangazo hili liseme "ugonjwa wa muda mrefu", kama ilivyo desturi. Tukamkumbusha ulivyomwagiza: "Shemeji, mkiuficha mtazika wengine." Akakubali, na ndiye aliyelipeleka gazetini.

Wiki chache baada ya kukuzika, shangazi Koleta aliona damu. Safari hii hakucheka. Alishuka Same asubuhi yake bila kumwuliza mtu, akafanyiwa upasuaji, na madaktari wanasema amewahi.

Unakumbukwa na wanao Elirehema, Zebedayo na Jenoveva, wajukuu zako, shemeji yako Filipo, na wifi yako Koleta, ambaye yu hai, mama, yu hai. Siku zetu zote hatutakusahau.