Mlinzi wa Kitanda

Nakuru, 9 Novemba 1956

Kwako dada Truphosa,

Mvua imeniharibia viatu vyangu vyeupe, lakini mimi ni mzima. Si wewe uliyeniambia niache hospitali, eti kutunza wazee wa Kizungu hapa Milimani ni kazi nyepesi? Hospitalini kitanda kikibaki kitupu tunakunja godoro mara moja. Basi juzi Bwana Pirie alipotoka kuota jua, nikakunja lake. Kumbe hapa godoro hukunjwa mtu akifa tu! Aliporudi akaniuliza, "Awuor, nimekufa lini?"

Sasa hakubali kutoka nje mpaka niketi kitandani kwake, nikilinde. Miaka mitatu nilisomea uuguzi, dada!

Mwambie Mama asiningoje Krismasi. Nikija, nani atakalia kile kitanda?

Ni mimi ndugu yako niliyechoka,
Awuor