Bastola ya Mninga

Babu,

Haikuchomwa. Naanza na hilo kabla ya salamu, maana nakujua: ungeniuliza hilo kwanza, halafu ndipo ungekumbuka kuniuliza kama nimekula. Ipo hapa kwenye meza yako ya kazi, karibu na jiliwa ulilokuwa ukibania mbao, na mimi nimekaa kwenye kigoda chako na sioni haya. Shikamoo, Babu.

Nyumba ya Chang'ombe ipo vilevile, ila haina kelele zako. Asubuhi vijana wa kiwandani wakipita bado wanageuza shingo kuangalia kama mlango wa karakana uko wazi. Uko wazi. Naufungua mimi. Mama alisema niuache kwanza, watu watasema. Nikamwambia waseme. Ndiyo, mimi. Usicheke.

Ngoja nikueleze yaliyotokea, maana chanzo ni wewe.

Siku ya msiba, uani kumeshajaa watu na kwaya imeshakaa chini ya turubai, Mama Mdogo Rehema aliingia chumbani kwako kutafuta mashuka ya kuwatandikia ndugu waliotoka Songea. Akafungua lile sanduku lako la jeshi. Juu ya mashuka ilikuwa imelala bastola.

Babu, kwa nini uliipaka dawa ya viatu? Najua, kila kitu ulikipaka dawa ya viatu. Mkanda, mkoba wa Biblia, mpini wa nyundo, hata fremu ya picha ya Bibi. Lakini ile bastola uliing'arisha mpaka mbao yenyewe ikasahau kwamba ni mbao. Mama Mdogo alipiga yowe ambalo halikuwa la msiba. "Baba alikuwa na bastola! Jamani nyie, baba alikuwa na bastola!" Kwaya ikakatika katikati ya wimbo. Mama mmoja anayeuza naye sokoni Buguruni alitoka mbio akaacha kiatu kimoja, na mpaka leo hajakifuata. Mjomba Ezekieli akawa anapaza sauti, "Msiiguse! Alama za vidole! Msiiguse!" Mjumbe wa nyumba kumi akaja, akaitazama kwa mbali, akaisukuma na fimbo. Ikalia ko, kama mwiko.

"Mbao hii," alisema.

Watu wakacheka, Babu. Kwenye msiba wako. Nilicheka na mimi huku machozi yananitoka, na nikafikiri ungefurahi sana.

Mjomba hakucheka. Unamjua, anafanya kazi ya kutoa makontena bandarini, kule Kurasini, na kwake jina safi ndio ugali. Tangu siku ile akawa anasema kile kitu kichomwe. Kwamba baba yake alikuwa fundi wa silaha jeshini, hilo analisema kwa fahari. Lakini mzee mstaafu anayejichongea bastola chumbani, hilo hataki mtu alijue. Hakuna aliyemweleza ulikuwa unachonga nini na kwa nini. Aliyejua ni mimi peke yangu.

Nakumbuka nilivyokuwa nikitoka shule nakuletea springi za kalamu zilizokwisha wino. Darasa zima walikuwa wananipa kalamu zao mbovu, wakidhani ninazikusanya kwa sababu sina akili sawasawa. Ulizipokea kama dhahabu. Ulikuwa unataka ile bastola isiwe sanamu tu, bali ifunguke ubavuni na kila kipande kicheze kama kinavyocheza kwenye ile halisi. Ile uliyoishika ukiwa kijana, jeshi lilipokupeleka Urusi kusomea ufundi. Ulisema chuoni kwenu ilikuwepo moja tu, imefungiwa kabatini kwa sababu hata kwa Warusi wenyewe ilikuwa adimu, na mwalimu aliwapa muishike kwa zamu. Ulivua glavu kwenye baridi ile ili uisikie vizuri kiganjani. Vidole vikaganda, na hukujuta.

Habari yake naijua kwa moyo. Baada ya vita kuu, Warusi walitaka bastola ya watu wa vifaru na mizinga, watu wanaokaa pafinyu, mahali ambapo bunduki ndefu haigeuki. Iwe bastola, lakini ikibidi ipige mfululizo. Aliyeibuni alikuwa kijana aliyetoka chuoni juzi tu. Jina lake lilikushinda kulitamka, ukawa unamwita "yule kijana", kama vile anakaa Keko hapo jirani na jana mlionana.

Shida ya yule kijana ilikuwa kwamba kitu kidogo kikipiga haraka kinaruka mkononi. Risasi ya kwanza inakwenda unakotaka, ya pili inapita juu, ya tatu inatafuta ndege. Ulikuwa unanionyesha kwa randa, mkono unapanda mpaka unagonga taa, nami nacheka. Basi akafanya mambo mawili. Ala ya kuibebea akaitengeneza kwa mbao ngumu, ili ukishaitoa bastola unaichomeka ala hiyohiyo nyuma ya mshikio, inakuwa kitako cha kuegemeza begani. Na ndani ya mshikio akaficha kipande kidogo chenye springi, kazi yake ni kuichelewesha nyundo. Kabla haijapiga tena, inasubiri. Kidogo mno, jicho halioni.

"Kuharakisha hata mlevi anaweza," ulisema. "Kwenye kusubiri ndipo utamwona fundi."

Na kipande hicho ndicho ulichokirudia kukichonga mara nyingi kuliko vyote, ukikitupa na kuanza upya. Mjomba aliponiita bubu pale mezani sikukuu ya Pasaka, mbele ya watoto wake, ulimjibu bila kuinua macho kwenye sahani: "Mwacheni. Huyu ana kichelewesho chake." Hakuna aliyeelewa. Mimi nilielewa.

Hatimaye Warusi wenyewe waliikataa bastola ile, ulisema. Nzito kwa bastola, ndogo kwa bunduki, na ile ala ya mbao inagonga paja ukitembea. Kiwanda kikaacha kuitengeneza baada ya miaka michache. Ikakaa maghalani mpaka askari wa kazi za siri walipoanza kuitafuta. Hapo ulikuwa unapiga meza kwa furaha, kana kwamba aliyekataliwa na kutafutwa tena ni wewe.

Siku moja nilikuuliza kama uliwahi kuona ikimpiga mtu. Uliendelea kupiga randa. Nikadhani hujasikia. Halafu ukapuliza vumbi, ukasema, "Ndiyo maana hii naichonga ya mbao." Sikukuuliza tena. Jibu hilo ninalo bado.

Sasa siku ya kuanua tanga. Ndugu wote tumekaa kwenye mkeka, nguo zako zinagawiwa. Koti lako la baridi kachukua Mama Mdogo, eti atalivaa sokoni alfajiri. Lilipokwisha sanduku, Mjomba akainua mfuko wenye bastola, akaelekea kwenye mafiga walikokuwa wakipika pilau. "Na hii inaingia jikoni sasa hivi. Sitaki kesho niitwe ofisini niulizwe baba yangu alikuwa jambazi."

Nikasema, "Mjomba, naomba." Hakuna aliyesikia. Nikasimama. Nikasema tena, kwa sauti ambayo hata mimi sikuijua, "Mjomba, hiyo haichomwi!"

"Heh! Bubu leo kaongea!" alisema Mjomba, na watu wakaangua kicheko. Zamani ningekaa. Sikukaa. Nilimfuata, nikauchukua ule mfuko mkononi mwake, na Babu, nilikuwa na adabu, niliupokea kwa mikono miwili, lakini niliuchukua. Nikapiga magoti mkekani nikaifungua ubavu. Nikavitoa vipande kimoja kimoja na kuvipanga juu ya mkeka, nyundo, springi za kalamu, kila kitu, nikawaeleza uliyonieleza. Nilikuwa nasema polepole. Nilikwama mahali, nikasubiri, nikaendelea, mpaka nikavirudisha vyote mahali pake. Mama Mdogo aliyepiga yowe siku ile akaomba aivute sehemu ya juu mwenyewe. Nyundo ikasubiri, kisha ikalia ta. Akasema, "Kumbe ndo alichokuwa anafanya siku zote hizo, sie tunadhani analala?" Akaanza kulia vizuri, kilio chenyewe sasa.

Mjomba akabaki amesimama. "Sawa, ni ufundi. Lakini mtu akiiona dirishani ataona bastola. Au ataona nini?" Hapo alikuwa na haki, nami sikumbishia. Kisha akaongeza, "Na wewe umeshapata kazi. Nimekuombea nafasi ofisini kwetu, kupokea simu. Haya mambo ya mbao na springi ya nini?"

Kidato cha nne nimemaliza, Babu, matokeo bado. Nafasi ile ni nzuri, kila mtu anasema. Nikamwambia, "Asante, Mjomba. Sitaki kupokea simu. Nataka chuo cha ufundi, ufundi mitambo." Hakuna aliyecheka safari hii. Nilitamani mtu acheke.

Mama ndiye aliyenyanyuka. Akaingia karakana, akarudi na kipande chako cha msasa, akaniwekea kiganjani. Mjomba akamwangalia dada yake, akaniangalia mimi. "Utoe huo weusi wote. Nikiona weusi hata kidogo, inaingia motoni."

Nikaifungua tena, nikapiga msasa mbele yao, kipande baada ya kipande. Mikono yangu ikawa myeusi kwa dawa yako ya viatu, na chini yake ukaanza kutoka mninga, mwekundu-kahawia, na mistari yake yote. Wageni wakala pilau, wakaaga, nami bado napiga msasa. Mwisho Mjomba akavigeuza vipande mkononi, akaviweka chini taratibu. "Mbao nzuri," alisema. Ndilo neno pekee alilosema. La chuo hajalijibu, na kila Jumapili akija ananipita kama mlango. Asijibu. Fomu ya chuo nimeshaijaza na Mama ameweka sahihi.

Sasa nisikilize. Hukuwahi kuichonga ala. Mbao yake uliiweka juu ya kabati, lile pande ulilopewa na mafundi wa Keko, nimelikuta limefungwa kwenye gazeti. Nitaichonga mimi. Nitakosea, nitatupa, nitaanza upya kama wewe. Lakini bunduki ya kweli sitaitengeneza, Babu, hata wanipeleke Urusi na glavu mbili mbili. Mimi nakitaka kile kipande kinachosubiri. Nitakitafutia kazi nyingine duniani. Sijui ipi. Nitaijua.

Pumzika, Babu. Karakana nitaifungua kesho tena, na kesho kutwa. Anayetaka kusema aseme.

Na jambo moja Mjomba asilijue. Kile kichelewesho sikukipiga msasa. Nilikificha kiganjani wakati napangusa jasho, nikakirudisha mahali pake kabla hajaanza kukagua. Kimo ndani ya mshikio, cheusi, kinang'aa, kinanukia wewe.

Mjukuu wako,
Salome