Wigi la Mama Mkubwa Botsewa

Bakaano,
Cape Coast.
14 Januari 2023

Mpendwa Dada Esaba,

Pokea salamu zangu kutoka huku kwenye vumbi la upepo wa harmatani. Hujambo wewe? Shemeji hajambo? Mtoto ameshasimama? Bibi yetu Nana alisema ulikuwa unakohoa mlipozungumza mara ya mwisho. Natumaini kikohozi kimekuacha. Huko kwenu mna theluji, huku kwetu midomo imepasuka na kila mtu ana macho mekundu. Kwa jumla tu wazima. Nana bado anamaliza bonge lake zima la dokono la mahindi na kuulizia kichwa cha samaki.

Barua hii anakuletea Bwana Fiifi wa kanisani, anayerudi Halifax Jumanne. Nimeona niandike kwa sababu mtu akipiga simu katika nyumba hii, nyumba nzima inasikiliza. Tafadhali isome ukiwa peke yako, umeketi.

Kazini nimethibitishwa. Sasa mimi ni karani kamili wa masjala ya mahakama. Napokea majalada, nayapiga muhuri, siku za kesi naita majina. Ningekuandikia kurasa mbili juu ya hayo, lakini kuna jambo ninalopaswa kukiri kwanza.

Nana alinisimulia ulichomwomba. Ulisema sanduku la mama yako, Mama Mkubwa Botsewa, litakapofunguliwa siku ya kumaliza mwaka wa msiba, tarehe 25 Februari, hutaki vitambaa wala shanga. Unataka wigi tu, lile alilovaa siku ya kuagwa, kwa kuwa hukupata karatasi za kusafiri na kwenye video ndivyo ulivyomwona mara ya mwisho. Nana alilia akinieleza. Nilisimama mbele yake, nimeubana mkoba kwapani, na wigi lilikuwa humo.

Ndiyo, dada. Halimo sandukuni. Ninalo mimi.

Unajua desturi. Kabla ya jeneza kufungwa wanawake walimvua vitu vyake, hereni, mkufu, pete, na mwisho wigi. Mama akanikabidhi vyote nivirudishe sandukuni kabla Nana hajatia kufuli. Nilivirudisha vyote isipokuwa hilo. Sitasema shetani alinipitia. Nilikuwa naanza kazi baada ya wiki mbili, nywele zangu zimekatika kwa dawa, nikajiambia nitaliazima mpaka zikue. Sanduku halifunguliwi kabla ya mwaka. Nani angejua?

Siku hiyo ndipo nilipoona kichwa cha mama yako. Sijui kama wewe uliwahi kukiona. Mimi tangu kuzaliwa nilimwona na wigi au kitambaa tu. Panja zote mbili zilikuwa tupu, laini kama ganda la yai, kuanzia sikioni hadi juu ya paji. Utosini palibaki nywele fupi za mvi.

Siku ya kwanza kazini niliogopa kulivaa, nikaenda kichwa wazi. Karani mwenzangu, Dzidzor, akaniita mbele ya watu: "We mtoto, umepotea njia? Shule iko ng'ambo ya barabara!" Walicheka mpaka mawakili. Kesho yake nikalivalia humo humo ofisini, msalani. "Ee, huyu sasa karani," akasema. "Jana walituletea mdogo wake." Nilifurahi, dada. Hilo nalo sikufichi.

Basi nikalivaa kila siku ya kazi. Asubuhi naosha nywele, nazisuka twende kilioni zikiwa bado mbichi, nikifika ofisini naweka gundi pembeni ili lisiteleze, nalivaa. Jioni nalivua, nafunga kitambaa, narudi kwa Nana. Nywele zangu mwenyewe sikuzipaka mafuta wala kuzitazama kiooni. Nilidhani kilichofunikwa kinapumzika.

Septemba nikaanza kukuta nywele za mvi ndani ya wigi, fupi na ngumu. Nikalifua, likakauka, nikakuta nyingine. Nikalifua tena, nikatoa nne. Mimi nina miaka ishirini na mitatu. Na ile poda waliyompaka mama yako kabla ya watu kuja kumuaga, harufu yake haikutoka. Joto likizidi ilinishukia usoni. Kuna siku nilikuwa naita majina ya wenye kesi, ikanijia puani, sauti ikakatika na hakimu akaniuliza kama naumwa.

Desemba nikajitazama vizuri kwenye kioo. Panja zangu zilikuwa tupu. Sisemi zimepungua. Ni umbo lile lile, kuanzia sikioni hadi juu ya paji, kana kwamba mtu amelinakili.

Nikaenda kwa msusi, Sista Dede wa sokoni Kotokuraba. Alinipapasa kichwa, kisha akawaka.

"Nani kakufundisha kusuka nywele mbichi na kuzifunika? Unaotesha uyoga?"

"Sikujua, Sista."

"Hukujua! Na kusoma kote huko. Wigi ni kofia, binti, siyo paa la nyumba. Ukitoka kazini linatoka. Osha nywele, zikauke kabisa, paka mafuta ya shea, suka kwa kulegeza, na chini yake vaa kofia ya satini. Gundi, tupa. Na kila baada ya wiki chache kichwa kikae wazi kipigwe na upepo. Haya, lete hilo wigi nilione."

Akaligeuza ndani nje. Kidole chake kikasimama juu ya mshono wa uzi wa buluu.

"Mbona hii kazi ya mkono wangu? Nilimshonea Madamu Botsewa. Yuko wapi siku hizi, amenisusa?"

Dada, nikamjibu amesafiri.

"Akirudi mwambie nina ugomvi naye. Nilimkataza kukaza huu mpira wa ndani mpaka tundu la mwisho. Akaniambia, 'Dede, bora linibane kuliko linivuke mbele za watu.' Ndiyo maana nywele za panja zikamwisha. Na wewe umekaza pale pale."

Kwa hiyo sababu ninayo, tena ya kueleweka: maji, gundi, mpira. Sista Dede anasema ngozi bado ni hai, nikiitunza nywele zitarudi. Tangu siku hiyo sijalivaa. Nakwenda kazini na kichwa changu. Dzidzor aliponiona alipitisha kidole pembeni mwa wigi lake mwenyewe.

Lakini ule mpira sikuukaza mimi. Nililichukua lilivyotoka kichwani mwake, sikugusa tundu hata moja. Lilinikaa sawasawa tangu siku ya kwanza.

Nimewaza kulirudisha kwa siri. Nana angenipa ufunguo nikimwambia naweka dawa ya nondo. Kisha nikakuona ukilipokea huko, ukilikumbatia, ukidhani unamnusa mama yako, kumbe ni jasho langu la miezi tisa. Nikashindwa. Nakuomba radhi. Likikufikia, usilivae kabla hujalegeza ule mpira. Afadhali usilivae kabisa.

Zile nywele za mvi sikuzitupa. Ni saba, nimezikunja katika karatasi ndani ya bahasha hii, maana ni haki yako. Sita ni za mama yako. Ya saba sina hakika nayo. Hiyo niliitoa kwenye kitana changu.

Msalimie shemeji, mbusu mtoto. Mama anakusalimu, Nana pia, ingawa hawajui ninachoandika. Mungu akulinde, na alinde kila kichwa cha nyumbani mwako.

Tarehe 25, kabla Nana hajatia ufunguo, nitasimama mbele ya wanawake wote wa ukoo, wigi mkononi, na nitasema. Sitafunga kitambaa. Nywele hazitakuwa zimerudi kufikia siku hiyo. Ambaye hakuwahi kukiona kichwa cha mama yako, atakiona.

Mdogo wako akupendaye, hata ukinikasirikia,

Aba