Alama za Mlangoni

Gendabi, 14 Novemba

Kaka Bonaventura,

Shikamoo. Simu yako haipatikani, kwa hiyo barua hii anakuletea Saleh, yule mfanyabiashara wa Katesh aliyekuona Tunduma. Mvua imeanza huku, na yule ng'ombe mwekundu amezaa.

Popo wamerudi kwenye mikaratusi ya baba. Siku hizi wana daktari wao, dada mmoja anaitwa Samira. Anatandika nailoni chini ya miti na kukusanya kinyesi, akapime kama wana ugonjwa. Ametukataza kula mapera waliyoyang'ata. Nilicheka, maana wewe ndiye uliyenifundisha kwamba popo hang'ati pera baya, ukawa unanichagulia hayohayo.

Samira alifurahi kuona alama ishirini kwenye mwimo wa mlango wetu, moja kwa kila mwaka popo walipofika. Alizipiga picha, akaingia ndani kumpongeza mama kwa kuwatunzia popo kumbukumbu. Mama aligeukia ukutani. Nami sikumwambia mgeni kwamba mama hajawahi kuwajali popo. Wewe uliondoka asubuhi ile walipofika, ukasema utarudi wakirudi, na tangu hapo amekuwa akichora kwa kisu kila wanapokuja bila wewe.

Samira anasema popo wote ni wazima. Alama ya mwaka huu nimechora mimi, kaka. Mama hawezi tena kusimama.

Popo huondoka mwezi wa kwanza. Usiwasubiri wa mwakani.

Mdogo wako,
Verediana