Hakuna Anayetaka Kubonyeza

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimenasa watatu! Barua pepe yangu ya mtego ilikuwa fupi tu: ratiba mpya ya likizo, bonyeza hapa uone tarehe zako. Mzee Miwani wa uhasibu kabonyeza kabla hata hajavua koti. Ukibonyeza, skrini inakuandikia kwa herufi kubwa: UMENASWA. Halafu naja mimi, polepole makusudi, na samaki wa plastiki ambaye mwanangu alikuwa akimchezea bafuni. Wa kwanza kunaswa anakaa naye mezani wiki nzima. Desturi hii nimeianzisha mwenyewe na siombi radhi.

Mzee Miwani kaninunia mpaka jioni. Mtu mzima, anakaribia kustaafu, halafu samaki wa buluu pembeni ya kikokotoo! Nilijikaza nisicheke. Nikashindwa.

Lakini kazi ni kazi, na yangu ni usalama wa kompyuta. Tangu nianze kuwatega wenzangu, hakuna tapeli wa kweli aliyempata mtu katika tawi letu. Uhasibu, mapokezi, stoo, hadi madereva wa malori — wote macho kodo. Wananiita Mama Mtego. Jina nalipenda, sitaficha.

Jumanne, 4 Machi

Makao makuu wamenunua programu inayoandika barua za mtego yenyewe. Wamenitumia mfano niuone. Wivu umenishika! Imeandika kwa upole, inajua cheo changu, imenipa na pole ya mafua. Mafua ninayo kweli — nani kaiambia?

Zamani tapeli ulimjua tangu mbali. Anakupa urithi wa mjomba usiye naye, anataka paswedi kabla ya salamu. Siku hizi ana adabu kuliko shemeji zangu. Na mashine inayomwandikia tapeli ni ndugu na hii inayotulinda sisi. Mwizi na polisi wanashonewa na fundi mmoja. Mume wangu kauliza: sasa wewe utabaki na kazi gani? Nikamjibu nitabaki kukukagua wewe. Alicheka sana. Mimi kidogo.

Mchana imeingia barua pepe kwa kila mtu, eti kutoka makao makuu. Kampuni inajipanga upya. Bonyeza hapa usome nafasi yako mpya, kisha ukubali kabla ya Ijumaa saa sita mchana. Usipojibu, tutahesabu umeamua kuondoka. Haraka, vitisho, na kiungo cha kubonyeza — mtego mtupu! Nikajua ni ile programu inatujaribu. Kamanda wa stoo kapaza sauti kwamba safari hii simpati ng'o. Nimesema siyo mimi. Wamecheka wote. Basi nami nikacheka, nikatembea kifua mbele hadi nyumbani.

Jumatano, 5 Machi

Ni ya kweli.

Nilipiga simu makao makuu ili niwasifu tu kwa mtego mzuri. Kwanza ikapokea mashine, ikanishukuru kwa uvumilivu ambao sina. Mwishowe nikampata dada wa ofisi ya utumishi, tunajuana. Akaniuliza: kwani huko kwenu kuna nini? Matawi yote wamejibu, nyie kimya, hata mmoja! Nikamwomba atutumie karatasi yenye muhuri. Akasema karatasi waliacha zamani, na orodha inafungwa na mashine. Ikishafungwa, yeye hana la kufanya.

Nikampigia bosi, yuko likizo. Kanisikiliza hadi mwisho, kisha kaniuliza atajuaje kwamba ni mimi, maana matapeli siku hizi wanaiga hadi sauti. Akakata simu. Hilo la sauti nilimfundisha mimi!

Alhamisi, 6 Machi

Nimepita meza kwa meza kama mwombaji. Bonyezeni, jamani, nawaomba.

Mama Mapokezi kaniangalia kwa huruma. "Mwenzangu, juzi ulisema siyo wewe, leo unasema tubonyeze. Kesho utasemaje?" Nikachapa barua yenyewe. Kamanda kaiinua dirishani, kaigeuzageuza, kasema hata yeye printa anayo. Nikaapa kwa mwanangu. Dereva mmoja akanirekodi kwa simu, eti machozi yananitoka vizuri. Nikamchukua samaki mezani kwa Mzee Miwani, nikamtupa kwenye pipa la taka mbele yao wote. Wakanipigia makofi!

Nilicheka nao, nitafanyaje. Lakini nyumbani nimekaa nawahesabu mmoja mmoja. Mama Mapokezi analea watoto peke yake. Kamanda ndiyo kwanza kaoa. Wakimwaga unga kesho, watakuwa wameumwaga kwa sababu ni wanafunzi wangu wazuri. Nimewafundisha kukataa kila kitu, sikuwaachia hata mlango mmoja wa kuingilia ukweli. Mume wangu kanikandakanda mabega. Hakutania, na hapo ndipo nikaogopa kweli.

Ijumaa, 7 Machi

Naandikia humu stoo, juu ya katoni, mlango nimefunga. Nafurahi — nadhani.

Asubuhi sikwenda meza ya mtu. Nimechoka kubembeleza. Nikakaa tu, mafua yananitiririka. Mzee Miwani akaja, akasimama mbele yangu, miwani kaivua.

"Mama Mtego. Niangalie usoni. Ni kweli au si kweli?"

"Ni kweli, mzee wangu."

"Hiyo barua mimi siiamini hata sasa," akasema. "Lakini wewe siku zote ukinitega, huwezi kuniangalia. Unatazama sakafu kwa kucheka. Leo umeniangalia."

Akarudi mezani kwake, akaniita nisimame nyuma yake, akabonyeza. Hakuna UMENASWA. Likaja jina lake, na nafasi yake ileile hadi kustaafu. Akakubali. Akapangusa miwani kwa muda mrefu kuliko ilivyochafuka.

Basi ikawa vurugu! Mama Mapokezi kanivuta mkono, Kamanda kanivuta huku, kila mmoja anataka nisimame nyuma yake, anigeukie, anitazame usoni kwanza. Madereva wako barabarani, wamenipigia kwa video nao wanione. Kamanda wamempa ghala kubwa, kapiga kelele za goli. Mama Mapokezi kanikumbatia mpaka mafua nikamwambukiza. Wote wamejibu. Wote!

Yangu sijafungua.

Muda upo bado. Lakini kila nikishika kipanya naikumbuka ile programu yenye adabu, iliyonipa pole. Itakuwa imeandika nini kwenye ukurasa wangu? Nikasema naenda kuhesabu katoni. Hakuna aliyeniuliza Mama Mtego na katoni wapi na wapi. Au mmoja kaona. Mlango unagongwa, taratibu. Nakijua kikohozi hicho, ni Mzee Miwani.

"Toka, tukaifungue ya kwako."

Nimemuuliza hapahapa nikiwa nimekaa: na kama haina kitu, mzee?

"Basi tutaisoma wawili. Njoo, nimeshakuvutia kiti."

Nimemwambia anisubiri, namalizia mstari. Anasubiri. Kanikumbusha saa, kwa upole. Haya, naja —